Hatua 10,000 za kikoba na jembe la Jumamosi

Swali: "Mimi ni mama wa miaka 52, nauza vitenge Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mwaka jana nilipimwa nikakutwa na presha ya 148 kwa 92, nikaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5. Niliambiwa nifanye mazoezi, lakini sikuambiwa mazoezi gani. Binti yangu ameniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, na siku za kazi inasoma kati ya 3,800 na 4,200. Kwenye kikoba chetu wanasema asiyefika 10,000 anajisumbua bure. Kila Jumamosi nakwenda shambani Isyonje kupalilia viazi, narudi jioni nikiwa hoi. Je, ile Jumamosi inahesabika? Na je, ni lazima nifike 10,000, ilhali magoti yananiuma ninapoteremka mlima?"

Jibu: Dada yangu, kwa umri ulioutaja umenitangulia miaka kadhaa, hivyo naanza kwa shikamoo, kisha nakujibu moja kwa moja kabla ya kueleza sababu. Si lazima ufike hatua 10,000. Jumamosi yako ya Isyonje inahesabika, tena kwa uzito mkubwa kuliko simu yako inavyokuonyesha. Lakini yapo mambo mawili ambayo hukuyauliza, na ambayo kwa mtu mwenye presha hayapaswi kuachwa nyuma ya hesabu ya hatua: saa unazokaa kwenye kigoda cha dukani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na zoezi moja la dakika chache ambalo halikusogezi hata hatua moja. Utaniwia radhi pale nitakapokawia, kwa sababu utafiti wa mambo haya umesogea sana katika miaka ya karibuni, na wengi wetu, hata sisi tunaovaa makoti meupe, bado tunatoa ushauri wa zamani.

Tuanze na hiyo 10,000. Idadi hiyo haikutoka maabara wala wodini. Mwaka 1965 kampuni ya Kijapani ya Yamasa, iliyokuwa ikitengeneza saa, ilitoa kifaa kidogo cha kuhesabu hatua, ikakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Mwaka mmoja kabla yake Japani ilikuwa imeandaa michezo ya Olimpiki mjini Tokyo, watu walikuwa bado na hamu ya mazoezi, na 10,000 ni namba isiyo na chenji, rahisi kukumbukwa na rahisi kutangazwa; hata alama ambayo Wajapani huandikia 10,000 inasemekana hufanana kidogo na mtu anayetembea. Namba hiyo ikavuka bahari, ikawekwa kwenye simu kama lengo la kuanzia, na kutoka kwenye simu ikaingia kwenye kikoba chenu. Sisemi kwamba ni namba mbaya, na anayeifikia bila kuumia aendelee kuifikia. Kosa ni kudai kwamba chini yake hakuna faida, kwa sababu hapo chini ndipo watafiti walipokuta sehemu kubwa ya faida yenyewe.

Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya wanawake 16,741 wa Marekani, wastani wa umri wao ukiwa miaka 72, ambao walivalishwa vifaa vya kupima mwendo kisha wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 4. Waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliotembea 2,700 hivi. Faida iliendelea kukua hadi kufikia hatua 7,500, kisha ikatulia. Mwaka 2022 uchambuzi uliounganisha tafiti 15 zenye watu zaidi ya 47,000 ulionyesha kwamba kwa watu wa miaka 60 na kuendelea faida hutulia kati ya hatua 6,000 na 8,000, na kwa walio chini ya miaka 60 kati ya 8,000 na 10,000. Kisha Julai 2025 ukatoka uchambuzi mpana zaidi, ulioongozwa na Melody Ding wa Chuo Kikuu cha Sydney na kuchapishwa na jarida la Lancet Public Health, uliopitia tafiti 57. Anayetembea hatua 7,000, akilinganishwa na anayetembea 2,000, alikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 47, hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa iliyo chini kwa asilimia 25, ya kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 14, na ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni kwa asilimia 38. Kutoka 7,000 hadi 10,000, kwa mengi ya magonjwa hayo, kilichoongezeka kilikuwa kidogo.

Najua utaniambia: mimi nina miaka 52, kwa hiyo mimi ni wa 8,000 hadi 10,000. Hapa ndipo wasomaji wengi wa habari za afya wanapojikwaa. Namba hizo zinaonyesha mahali ambapo faida huacha kuongezeka, na wala si mahali inapoanzia. Wewe ni mkulima wa viazi, kwa hiyo unalijua jambo hili kuliko mimi. Mfuko wa kwanza wa mbolea kwenye shamba lililochoka unauona kwa macho, majani yanabadilika rangi. Mfuko wa pili nao unasaidia. Lakini mfuko wa nne unaondoka na maji ya mvua. Hatua zako za kutoka 2,000 hadi 4,000 zilikuwa mfuko wa kwanza, na tayari umeshautia. Zile za kutoka 4,000 hadi 7,000 ni mfuko wa pili, na ndizo ninazotaka tuzifanyie kazi. Mengine yaache kwa vijana wa mbio.

Neno kidogo kuhusu hizo asilimia, maana huwatisha watu au huwalewesha. Asilimia 47 haimaanishi kwamba watu 47 katika kila 100 wameokolewa. Chukua mfano wa kufikirika: kama kati ya watu 100 wanaotembea kidogo sana wangekufa 10 ndani ya kipindi fulani, basi kati ya watu 100 kama wao wanaotembea hatua 7,000 wangekufa kama 5. Ni tofauti kubwa ya kutosha kumtoa mtu kwenye kigoda, lakini si muujiza.

Na si lazima tofauti yote iwe imeletwa na miguu. Nakupa kisa kimoja ambacho huwasimulia wanafunzi wangu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye kiti siku nzima, wakati kondakta alikuwa akipanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi. Wanakaa gari moja, wanavuta hewa moja, lakini makondakta waliugua ugonjwa wa moyo kwa uchache zaidi kuliko madereva. Uchunguzi ule ndio uliofungua macho ya dunia kuhusu madhara ya kukaa. Miaka mitatu baadaye kundi hilohilo likafanya jambo ambalo kwangu ni la kiungwana sana katika sayansi: likachambua kumbukumbu za sare walizopewa wafanyakazi hao, likakuta kwamba suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni kuliko za makondakta. Maana yake ni kwamba makundi yale mawili hayakuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa kazi tu, kwa hiyo si haki kuitwisha ngazi sifa yote. Tafiti za hatua nazo zina kasoro ya namna hiyo: mtu anayetembea 2,000 kwa siku huenda tayari anaumwa, na ugonjwa ndio unaomzuia kutembea. Watafiti hujitahidi kuliondoa jambo hilo kwenye hesabu, lakini haliondoki lote. Ndiyo maana ninaiamini njia ambayo matokeo yanaelekea kuliko tarakimu zake.

Sasa turudi kwenye simu yako. Nina mashaka kwamba 3,800 hadi 4,200 ndizo hatua zako zote. Mara nyingi nimewaona akina mama wa sokoni: simu iko kwenye droo pamoja na pesa za mauzo, au imechomekwa kwenye chaji huku mwenyewe akimkimbilia mteja aliyeita kutoka kizimba cha tatu. Simu iliyolala mezani haihesabu kitu. Kule Isyonje ni vivyo hivyo, kwa sababu sidhani kama unapalilia na simu mfukoni. Bila shaka unaiweka ndani ya kikapu cha chakula, chini ya mti, isidondoke kwenye matuta. Na hata ungekuwa nayo mwilini, simu hiyo ingekudhulumu. Kazi ya jembe hufanywa na mabega, mgongo na mapaja, huku miguu ikisogea kidogo kidogo. Jembe likishuka mara 500, programu inaweza kuandika hatua 60. Vilevile haijui kwamba Mbeya ni nchi ya vilima: kwake, hatua ya kupandisha mteremko ukiwa na kiroba kichwani ni sawa na hatua ya kutoka dukani hadi chooni. Kwa hiyo kabla ya kujilaumu, ning'iniza simu mwilini kwa siku tatu za kazi, mfukoni au kwenye pochi ya kufunga kiunoni, ndipo ujue kweli unaanzia wapi.

Kuhusu Jumamosi, nina habari njema na kisha nina kipingamizi. Habari njema ni kwamba mwaka 2023 watafiti walitumia takwimu za watu 89,573 wa Uingereza waliovaa kifaa cha kupima mwendo mkononi kwa wiki nzima, wakawalinganisha wanaogawa mazoezi yao katika siku nyingi na wale wanaoyarundika katika siku 1 au 2. Makundi yote mawili, yakilinganishwa na watu wasiotimiza dakika 150 za mazoezi kwa wiki, yalikuwa na hatari ndogo zaidi ya mshtuko wa moyo, kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi, na tofauti baina ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo. Uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo, wa watu wazima 3,101 wa Marekani, ulikuta kwamba waliofikisha hatua 8,000 siku 1 au 2 tu kwa wiki walikuwa karibu sawa, katika kupunguza hatari ya kufa ndani ya miaka 10, na waliozifikisha siku 3 au zaidi. Siku yako ya shambani, ambayo kwa hesabu yangu ina saa 4 au 5 za kazi halisi, inatimiza na kupita kiwango cha chini cha dakika 150 kwa wiki kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020. Mwongozo huohuo uliifuta kanuni ya zamani kwamba zoezi lisilofika dakika 10 mfululizo halihesabiki. Wa kikoba wasikuambie vingine.

Kipingamizi ni hiki. Shinikizo la damu lina tabia yake. Mtu akifanya kazi ya kutoa jasho, presha yake hushuka baada ya kazi hiyo, na mshuko huo hudumu kwa saa kadhaa, wakati mwingine karibu siku nzima, kisha hupotea. Kwa hiyo Jumapili asubuhi ukiwa kanisani huenda mishipa yako bado inafaidi jembe la jana, lakini Jumanne saa 9 alasiri, ukiwa umekaa tangu saa 2 asubuhi, faida hiyo ya muda imekwisha. Moyo kwa ujumla umenufaika na Jumamosi. Presha yenyewe inataka kukumbushwa mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu, kwa mtu mwenye tatizo lako, mimi sitosheki na siku moja, hata iwe nzito namna gani.

Tukifika kwenye kigoda, tuna bahati kwamba baadhi ya tafiti nzuri kuhusu kukaa zilifanyika humu humu Tanzania. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, wanaokula kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walivalishwa vifaa vya kupima mwendo, na ikaonekana kwamba hutumia zaidi ya saa 2 kila siku katika kazi inayoupeleka moyo mbio, nao ni nadra kupatikana na presha ya kupanda. Jambo la kushangaza lilitangazwa mwaka 2020: watu hao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na ule wa watu wa mijini walio na viti na runinga. Tofauti iko katika namna ya kupumzika. Sehemu ya muda huo Wahadzabe huchutama au hupiga magoti, na misuli ya mapaja inabaki ikifanya kazi kidogo, tofauti na yetu inayolala kabisa kitini. Sikushauri uchutame dukani na magoti hayo. Nalitaja ili uone kwamba mwili haudai uhangaike kutwa nzima, bali hautaki misuli mikubwa izimwe kwa saa nyingi mfululizo.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walijaribu kupima dozi ya kusimama na kutembea. Waliwakalisha watu 11 kitini kwa saa 8, wakawanyanyua kwa vipindi tofauti siku tofauti. Kutembea dakika 5 kila baada ya nusu saa kulipunguza kupanda kwa sukari baada ya chakula kwa karibu asilimia 58, na ratiba zote za kunyanyuka walizojaribu, hata ya dakika 1 kila saa, zilishusha kipimo cha juu cha presha kwa milimita 4 au 5 za zebaki. Watu 11 ni wachache mno, hawajai hata bajaji nne, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama sheria. Hata hivyo inakubaliana na tafiti nyingine nyingi za aina yake, na haina gharama. Dukani kwako inaweza kuwa hivi: kila mteja anayeondoka, nunua asinunue, msindikize kwa hatua ishirini, vitenge vya kukunja vikunje ukiwa umesimama, na maji ya kunywa yaweke kwa jirani wa mbali badala ya chini ya meza, ili kila kikombe kikutoe.

Hapo ongeza mwendo wa dakika 30, mara moja au kwa vipande. Hatua 100 kwa dakika ndizo zinazohesabiwa na watafiti kuwa mwendo wa nguvu ya wastani, kwa hiyo dakika 30 ni hatua 3,000, na hizo ndizo hasa zinazokutenganisha na 7,000. Kama unatokea upande wa Uyole, shukia Soweto umalizie kwa miguu. Jioni fanya hivyo tena. Kasi yake ni ile ambayo kuongea unaweza lakini pambio huwezi kuliimba hadi mwisho. Watafiti waliowafuatilia watu 25,241 wa Uingereza wasiofanya mazoezi kabisa waliripoti mwaka 2022 kwamba hata vipande vitatu kwa siku vya dakika 1 au 2 vya kuhema kweli, kama kupanda ngazi haraka au kubeba mzigo, viliambatana na upungufu wa asilimia 48 au 49 wa vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa. Lile robota la vitenge unalomlipa kijana akubebee kutoka kwenye gari, sisemi ulibebe lote, lakini nusu yake ukiligawa mara mbili ni dawa ya namna hiyo.

Nimefika kwenye zoezi nililolitaja mwanzoni, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye maana zaidi katika barua hii. Mwaka 2023 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi wa majaribio 270 yenye washiriki 15,827, ukilinganisha aina mbalimbali za mazoezi kwa jinsi zinavyoshusha presha. Kutembea, kukimbia na baiskeli vilishusha kipimo cha juu kwa milimita 4.5 hivi. Mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea yalikishusha kwa zaidi ya milimita 8, na cha chini kwa 4. Na miongoni mwake lililoshusha zaidi kipimo cha juu ni lile la kuegemea ukuta ukiwa kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo. Majaribio ya mazoezi hayo ya kukaza ni machache kuliko ya kutembea, na mengi ni madogo, kwa hiyo pengo lenyewe linaweza kusinyaa tafiti zikiongezeka. Lakini uchambuzi wa mwaka 2021 wa majaribio ya dawa ulionyesha kwamba kila milimita 5 zinazopungua katika kipimo cha juu hupunguza kwa asilimia 10 hivi matukio makubwa ya moyo na kiharusi. Kwa hiyo hata tukipata nusu ya hizo 8, si haba.

Hufanywa hivi. Tafuta ukuta laini na sakafu isiyoteleza, vaa raba. Simama ukiupa ukuta mgongo, kisha sogeza miguu mbele kama urefu wa hatua moja, upana wake ukilingana na mabega. Teremsha mgongo taratibu ukisugua ukuta, huku magoti yakikunjika, na uishie pale mapaja yanapoanza kuwaka moto kidogo. Kwa magoti yako usishuke mpaka mapaja yawe sambamba na sakafu kama unavyoona kwenye picha za vijana. Kiganja kimoja au viwili chini ya mahali ulipokuwa umesimama kinatosha kuanzia. Goti lisipite mbele ya vidole vya mguu. Kaa hapo kwa sekunde 20, huku ukihesabu kwa sauti. Kuhesabu kwa sauti si utani: anayebana pumzi wakati wa kukaza misuli huipandisha presha yake ghafla, na anayehesabu hawezi kubana pumzi. Panda, pumzika dakika 1 au 2, rudia mpaka ziwe raundi 4. Ifanye siku 3 kwa wiki, na kila wiki ongeza sekunde 10, hadi ufikie dakika 2 kwa kila raundi, ambacho ndicho kipimo kilichotumika katika mengi ya majaribio hayo. Yote pamoja, mapumziko yakiwemo, hayazidi robo saa, na unaweza kuyafanya ndani ya kizimba chako kabla hujafungua turubai asubuhi. Ukipima presha ukakuta kipimo cha juu kimefika 180 au cha chini 110, acha zoezi na uende kliniki siku hiyohiyo.

Magoti yanayouma wakati wa kuteremka, lakini si sana wakati wa kupanda, mara nyingi yanalalamikia udhaifu wa misuli ya mbele ya paja, kwa kuwa misuli hiyo ndiyo breki ya mwili kwenye mteremko. Zoezi hilohilo la ukuta, likifanywa kwa kimo kidogo, huijenga breki hiyo. Ukitoka Isyonje teremka kwa mshazari, kushoto kisha kulia, badala ya kunyooka chini, na mzigo wa viazi umwachie mwenye pikipiki. Maumivu yanayobaki hadi kesho yake asubuhi, au goti linalovimba na kupata joto, hayo yanahitaji kuonwa na kushikwa, barua haitoshi.

Kuhusu dawa sitarefusha. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya hivi nilivyovitaja unaokuruhusu kuacha amlodipini kwa sababu umeanza kutembea. Anayepunguza dozi ni aliyekuandikia, baada ya kuona vipimo. Kama jioni vifundo vya miguu vinajaa, fahamu kwamba dawa hiyo yenyewe hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, usidhani ni kigoda peke yake, na umwambie daktari kabla hujaiacha kimyakimya kama wengi wanavyofanya. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile inayonyunyizwa kwenye chipsi za mchana. Na ukiwa kwenye mwendo au kwenye ukuta, kifua kikibana, ukaishiwa pumzi kuliko kawaida, au upande mmoja wa mwili ukalegea, hapo hatuzungumzii tena mazoezi: ni hospitali, mara moja.

Mwisho ni namna ya kujua kama haya yanakusaidia. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, pima tu: asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, ukiwa umekaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono uko mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, uandike zote mbili katika daftari lilelile la mauzo, kwenye kurasa za nyuma. Kisha anza zoezi la ukuta na zile hatua 3,000, na katika wiki ya nane pima tena siku saba kwa utaratibu uleule. Kama utaanza mwezi wa nne na kumaliza mwezi wa sita, kumbuka kwamba baridi ya Mbeya hupandisha presha kwa kubana mishipa, hivyo pima ukiwa umejifunika vizuri na usivunjike moyo ikiwa imeshuka kidogo tu. Nenda na daftari hilo kliniki, na umwombe daktari asome kurasa zote mbili kabla hajakufunga kile kitambaa cha kipimo mkononi.